Jinsi ya kuchambua unachosoma bila kuishia kusimulia: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Tangu Januari nimekuwa nikisomea watu insha zao za uchambuzi. Kuna wa kidato cha nne, kuna wa chuo, kuna mama mmoja anayesoma masomo ya jioni akitoka kazini Industrial Area, na karibu wote wanaanguka kwenye shimo moja. Mtu amesoma matini mara mbili, ameelewa kila kitu, ameandika kurasa nne zilizojaa, halafu insha inarudi na neno moja pembeni kwa wino mwekundu: unasimulia. Alama 8 kwa 20. Anakuja akiniuliza, sasa mwalimu, kosa liko wapi na kila nilichoandika kiko kwenye kitabu?

Hapo ndo kosa lilipo. Kama kila ulichoandika kiko kwenye kitabu basi msahihishaji ameshakisoma kabla yako, yeye anatafuta kile ambacho hakijaandikwa pale: hayo maneno yanamfanyia nini msomaji, yamepangwa hivyo kwa nini, na yanasimama juu ya nini. Mimi hii tofauti niliielewa mwaka wa pili chuoni, tayari nimepoteza alama nyingi sana, juu hakuna mtu aliyewahi kunikalisha chini anionyeshe kwa sentensi halisi. Kwa hivyo leo tunaenda polepole, sentensi kwa sentensi.

Tutatumia vipande viwili vifupi nilivyoandika mwenyewe kwa ajili ya zoezi hili. Vyote vinahusu biashara ndogo ndogo hapa Nairobi, na utaona baadaye kwa nini nimevifanya vikutane.

Vitu unavyohitaji

- Matini kwenye karatasi. Usichambue kwenye simu kama unaweza kuepuka, piga kopi cyber, kurasa mbili tatu hazizidi nauli ya matatu. Kwenye simu kidole kinasukuma tu mbele na huwezi kuchora mshale kutoka aya ya kwanza hadi ya mwisho.
- Peni mbili za rangi tofauti na penseli.
- Daftari lenye ukurasa uliogawanywa katikati kwa mstari wa wima. Upande wa kushoto andika INASEMA, wa kulia andika INAFANYA.
- Kamusi, ya kitabu au ya simu.
- Saa moja na nusu bila kusumbuliwa. Kama nyumbani kuna kelele nenda maktaba, pale McMillan mjini, au matawi yake ya Kaloleni na Makadara kama uko Eastlands.

Hatua ya 1: Soma mara moja bila kushika peni

Soma hadi mwisho. Usipige mstari popote. Ukianza kupiga mistari kwenye usomaji wa kwanza utapiga kila mahali, juu bado hujui kipi ni muhimu, na ukimaliza karatasi yote ni ya manjano na hujui chochote zaidi.

Ukimaliza, geuza karatasi na uandike kitu kimoja tu: matini hii imenifanya nihisi nini? Hasira, huruma, woga, aibu, kuchoka. Wengi wanaruka hapa wakidhani hisia si kazi ya shule. Hisia ni dalili, kama homa, inakuonyesha kuna kitu mwandishi amekifanya mahali fulani na sasa kazi yako ni kurudi kukitafuta.

Umefaulu kama una sentensi moja ya hisia yako, ya kweli, na si ile unayodhani mwalimu anataka.

Hatua ya 2: Tafuta dai, halafu uulize nani anaongea

Hiki ndicho kipande cha kwanza, ni cha maoni:

*"Kila mkazi wa Nairobi anajua kwamba wachuuzi wameuharibu mji. Je, ni mama gani anayeweza kupita Tom Mboya jioni bila kuukumbatia mkoba wake? Mimi nimefanya biashara katikati ya jiji kwa miaka 22. Tangu wachuuzi warudi barabarani, maduka matatu jirani yangu yamefungwa. Mji huu wa watu milioni 10 hauwezi kuendelea kuwa soko la nguo kuukuu. Tusipowaondoa leo, kesho tutaondoka sisi."*

Dai ni lile jambo ambalo mwandishi anataka ukubali au ulifanye. Liandike kwa sentensi moja kwa maneno yako. Hapa: wachuuzi waondolewe katikati ya jiji, na waondolewe sasa hivi. Mada ni kitu kingine, mtu akisema "makala inahusu wachuuzi" ametaja mada tu na hawezi kuipima, juu hakuna mtu anayeweza kukubali au kukataa "wachuuzi". Dai unaweza kulibishia. Jaribio rahisi ni hilo: weka "si kweli kwamba" mbele ya sentensi yako, ikileta maana basi umeshika dai.

Kisha jibu haya matatu: nani anaongea, anaongea na nani, na atapata nini tukimkubali. Anayeongea ni mwenye duka. Anaongea na watu anaowaita "sisi". Akikubaliwa, anapata wateja. Hiyo haimaanishi anadanganya, tafadhali shikeni hapa, nimeona wanafunzi wakiandika "mwandishi ana maslahi kwa hivyo hoja yake ni ya uongo" na hiyo si haki. Mtu mwenye maslahi anaweza kusema kweli tupu. Maslahi yanakuambia tu ni wapi pa kuangalia kwa makini zaidi.

Hatua ya 3: Jaza lile jedwali la INASEMA na INAFANYA

Hii ndo hatua yenyewe. Ukiwa na muda mdogo ruka zingine, hii usiruke. Kila sentensi inaingia kushoto kwa ufupi, halafu kulia unaandika inamfanyia nini msomaji. Sheria ni moja: upande wa kulia lazima uanze na kitenzi. Inatisha, inajenga imani, inakwepa, inafunga mlango, inabembeleza. Ukijikuta umeandika "inaeleza" au "inazungumzia", futa, umerudi kusimulia.

Twende na kipande chetu.

"Kila mkazi wa Nairobi anajua." Inasema jambo hili linajulikana. Inafanya nini? Inakuzuia kuomba ushahidi. Kama kila mkazi anajua na wewe hujui basi wewe ni mgeni hapa, na nani anataka kuonekana mgeni mji wake mwenyewe. Hapo hakuna ushahidi hata kidogo, kuna aibu iliyowekwa mlangoni.

"Je, ni mama gani..." Hili ni swali la balagha, halisubiri jibu. Sasa angalia kwa karibu kabisa, hapa mwandishi ameweka mkoba unaokumbatiwa kando ya mchuuzi bila kusema popote kwamba mchuuzi ndiye mwizi. Hajasema! Wewe msomaji ndiye uliyeunganisha. Na kile ulichounganisha mwenyewe huwa unakiamini kuliko ulichoambiwa. Pia kachagua mama, angeweza kuweka kijana wa miaka 25, lakini mama anavuta hamu ya kulinda.

"Miaka 22." Inajenga imani kwa msemaji. Ni sababu halali, mtu aliyekaa mahali miaka 22 ameona mengi, mpe hiyo.

"Nguo kuukuu." Hapa linganisha neno lililochaguliwa na neno lililoachwa. Kila mtu Nairobi husema mitumba, na mitumba nusu ya mji tunavaa, haina aibu. "Kuukuu" ina uchakavu na uchafu ndani yake. Kila ukikutana na neno linalokukwaruza kidogo, jiulize angesema nini badala yake na kwa nini hakusema.

"Tusipowaondoa leo, kesho tutaondoka sisi." Leo na kesho, wao na sisi, hiyo ni tabaini, yaani vinyume vinavyowekwa kando kwa kando, sikio linaipenda. Kazi yake ni kukubakishia njia mbili tu, waende wao au twende sisi, na njia ya tatu, kwa mfano kutenga saa au mitaa maalum ya kuuzia, inapotea bila mtu kuitaja.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alizigawa njia za kushawishi kwa makundi matatu, imani kwa msemaji, hisia za msikilizaji, na mantiki ya hoja yenyewe. Ukitaka weka alama ya kila kundi pembeni. Lakini tahadhari, kuweka alama si uchambuzi, nimeona insha nzima inayosema "hapa ametumia hisia, hapa ametumia mantiki" na haisemi hizo hisia zimefanya kazi gani. Jina la chombo ni mwanzo wa sentensi tu.

Umefaulu kama mtu akisoma upande wa kulia peke yake anaona safari: umezuiwa kuuliza, ukatishwa, ukaambiwa umwamini, ukaharakishwa.

Hatua ya 4: Pima ushahidi, mmoja mmoja

Chukua peni ya pili. Zungushia kila kitu kinachoweza kuthibitishwa au kukanushwa. Kwenye kipande chetu ni vitu vitatu tu: miaka 22, maduka matatu yaliyofungwa, na watu milioni 10. Kila kimoja kiulize: ni kweli? Kinatosha? Kinahusiana na dai?

Tuanze na milioni 10. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi, kwa hivyo ni zaidi ya mara mbili. Lakini usiishie kusema "ni uongo" na kutembea. Sensa inakuhesabu pale ulipolala usiku wa 24 Agosti 2019, yule anayelala Kitengela, Ngong au Ruiru na kushinda mjini kutwa hakuhesabiwa Nairobi. Labda mwandishi alimaanisha watu wa mchana? Basi angesema, na angetuambia nani aliwahesabu. Na tuseme hata ingekuwa kweli, milioni 10 inathibitisha nini kuhusu wachuuzi? Hakuna. Iko pale kutoa uzito.

Namba za aina hii zina tabia ya kurithiwa. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba Kibera ina watu milioni 1, magazeti, mashirika, wageni, kila mtu akinakili kwa mwenzake, halafu sensa ya 2009 ikahesabu watu 170,070. Kuna waliobisha hesabu hiyo pia, na walikuwa na haki ya kuuliza mipaka imechorwa wapi na nyumba ngapi zimerukwa, sensa nayo inaulizwa. Ila ona tofauti: upande mmoja kuna hesabu ambayo unaweza kuuliza ilifanywaje, upande mwingine kuna namba ambayo ukiifuata nyuma unafika kwa mtu aliyeisoma mahali. Mimi hiyo milioni 1 niliiandika kwenye insha yangu mwenyewe bila kusita hata dakika, na niliishi umbali wa kutembea kutoka hapo. Tangu siku hiyo kila namba naiuliza, nani alihesabu, lini, na alihesabu nini hasa.

Sasa maduka matatu. Hili ndilo gumu zaidi juu linaonekana ushahidi mzuri, ni la karibu, ameliona kwa macho. Lakini kitu kufuatana na kingine si kusema kimoja kimesababisha kingine. Wachuuzi walirudi, maduka yakafungwa, sawa. Kodi ilipanda? Wateja wamehamia kununua kwa simu? Maduka mangapi mapya yamefunguliwa mtaa huo huo? Mwandishi hajatuambia, na kazi yako si kujibu maswali hayo, kazi yako ni kuonyesha kwamba yako wazi.

Tahadhari kubwa ya hatua hii: pima ushahidi wa mtu unayekubaliana naye kwa ukali ule ule. Kama wewe unapenda wachuuzi, na mama yako alikusomesha kwa meza ya barabarani, utafurahia kubomoa kipande hiki na utasahau kukubali kwamba mwenye duka analipa leseni na kodi na ana uchungu wa kweli.

Umefaulu kama una angalau kitu kimoja ulichokikubali na kimoja ulichokikataa, na sababu ya kila kimoja.

Hatua ya 5: Ikiwa ni hadithi, fuata kile kisichosemwa

Kipande cha pili:

*"Mama Atieno alifunga kibanda saa moja kasorobo. Sukuma zilizobaki alizifunga kwenye leso, akazipapasa taratibu kama mtoto anayebembelezwa alale. Taa ya barabarani ilijaribu kuwaka, ikakohoa, ikazima. 'Kesho,' alimwambia mteja wa mwisho aliyetaka kukopa. Ni neno alilolitumia tangu Januari. Alipoondoka hakugeuka kuitazama ile X nyekundu mlangoni."*

Hapa wengi wanakimbilia orodha. Tashbihi, yaani kufananisha kwa "kama", ipo. Tashihisi, kitu kupewa tabia za mtu, ipo. Takriri, neno kurudiwarudiwa, tuseme ipo. Wanamalizia na ile sentensi ninayoomba tuizike leo: "mbinu hizi zimetumika kupamba lugha." Lugha si ukuta. Rudi kwenye lile jedwali, inafanya nini?

Sukuma zinabembelezwa kama mtoto. Ni mboga za kuuzwa, bei rahisi, kesho zitakuwa zimenyauka. Kuzibembeleza kunatuonyesha huyu mama analinda nini, na pengine kwamba hizo mboga ndizo zinazolisha mtoto halisi nyumbani. Mwandishi hajasema "alikuwa maskini". Taa nayo inakohoa, inazima, kama mgonjwa, hivyo kabla hatujaambiwa lolote tayari mtaa wenyewe unaumwa.

Halafu X nyekundu. Kwa mtu wa Nairobi hii haihitaji maelezo, tumeziona kwenye kuta na mabati, X nyekundu ikichorwa kwako ujue tingatinga linakuja. Neno "kubomoa" haliko popote kwenye kipande. Sasa rudi juu usome tena "Kesho". Alikuwa anamwahidi mteja kesho na mlango wake una alama ya kutokuwa na kesho. Hicho ni kinaya, maneno yanasema hivi na hali inasema kinyume chake, na kimetengenezwa kwa kupanga tu, kama X ingetajwa sentensi ya kwanza, "Kesho" ingekuwa neno la kawaida la kukataa deni. Kwa hivyo mpangilio nao ni mbinu, uandike.

Na msimulizi? Ni nafsi ya tatu lakini amesimama karibu sana, anajua neno analotumia mama tangu Januari, ila haingii moyoni mwake kutuambia anaogopa. Anatuonyesha shingo isiyogeuka. Hakugeuka juu hataki kuiona, au juu anaijua kwa moyo? Zote zinawezekana, na ni ruhusa kuandika kwamba zote zinawezekana mradi uonyeshe maneno yanayobeba kila moja.

Tahadhari: usilete maana ambayo haina mahali pa kushika. Mwanafunzi mmoja aliniandikia kwamba leso ni ukoloni. Nikamwambia nionyeshe neno. Hakuwa nalo. Kila tafsiri iwe na kidole kinachogusa neno kwenye karatasi.

Hatua ya 6: Tafuta asiyekuwepo

Hii ni fupi. Kwenye kipande cha kwanza mchuuzi hana mdomo. Kwenye cha pili mwenye duka hayupo kabisa, wala aliyechora X. Vipande vyote viwili vinataka ukubali jambo kuhusu wachuuzi, kimoja kwa hoja, kingine kwa kukusimamisha kibandani jioni ukiwa na huyu mama, na usikubali kudanganywa kwamba hadithi haibishani. Inabishana, tena inaweza kukushinda zaidi juu hukujikinga. Andika sentensi moja: nani angeongea hapa, picha yote ingebadilika?

Hatua ya 7: Andika aya yako

Sasa tu ndo unaandika. Aya moja inabeba jambo moja: sema dai lako, nukuu maneno machache sana, onyesha yanafanya nini, kisha rudisha kwenye lengo la matini nzima.

Hivi ndivyo nilivyoletewa mara nyingi:

*"Mwandishi ametumia swali la balagha anaposema ni mama gani anayeweza kupita Tom Mboya. Hii inaonyesha kuwa mjini kuna wezi na akina mama wanaogopa. Pia inafanya kazi yake ivutie."*

Na hii ni ya yule mama wa masomo ya jioni, jaribio lake la tatu, nimeiweka kwa ruhusa yake:

*"Mwandishi hamwiti mchuuzi mwizi, anamwacha msomaji afanye hivyo. Kwa kuuliza 'ni mama gani' anayeweza kupita bila 'kuukumbatia' mkoba, anaweka woga wa wizi karibu na wachuuzi bila kutoa tukio hata moja. Kitenzi 'kuukumbatia' kinaugeuza mkoba kuwa kama mtoto wa kulindwa. Hivyo tukifika kwenye wito wa kuwaondoa wachuuzi tayari tunaogopa, na hatujaonyeshwa sababu."*

Soma ya pili tena. Nukuu zake ni maneno manne tu, na hajatumia neno "balagha" kabisa. Tena ameona kitu ambacho mimi mwenyewe niliyeandika kipande sikukiona, kwamba mkoba unakumbatiwa kama zinavyobembelezwa zile sukuma za kipande cha pili.

Kabla ya kupeleka insha yako, chukua penseli na ukate majina yote ya mbinu kwenye kila aya, tashbihi, kinaya, takriri, yote. Soma kilichobaki kwa sauti. Kama aya bado inasema kitu, rudisha majina na uipeleke. Kama imebaki tupu, rudi hatua ya 3 na hiyo sentensi moja tu, dakika kumi zinatosha.